Bi Mwanaheri Niliyemwandika Hajui

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha nilifika Moa, kijiji cha pwani, juu ya lori lililokwenda kuchukua nazi, chaki mfukoni, rejista kwapani. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu pale Tanga. Siku tano tulikaa darasani tukijifunza kuandika andalio la somo, yaani mpango wa kila dakika ya kipindi. Jumamosi tulitawanywa vijijini kuwafundisha watu wazima kusoma. Mkuu wa Chuo alikuwa amesema wazi, "Asiye na darasa kijijini, kwangu hana cheti."

Wanafunzi wangu kumi na wawili walikaa barazani kwa jumbe. Nikaanza kuwaandikisha. Bi Mwanaheri, aliyelingana na bibi yangu kwa umri, nilimuuliza kama amesoma.

"Nimesoma chuoni," akasema. "Na sasa chuo nnacho mwenyewe."

Mimi Mbondei wa Muheza, mtoto wa misheni, chuo nilichokijua kilikuwa kile chetu chenye kengele na mabweni. Nilicheka. Naona haya hadi leo. Nikaandika kwa wino mbele ya jina lake, huku nikitamka ili wote wasikie: Hajui kusoma.

Jumamosi iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Jumbe akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huku kwetu chuo ni pale watoto wanaposomea Kurani. Nusu ya wale uliowaandika wamefundishwa na yule bibi."

Nilikwenda kwake. Nilimkuta akimwandikia jirani barua, Kiswahili chetu hiki hiki kwa herufi za Kiarabu, mkono ukitoka kulia kwenda kushoto bila kusita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Nimeshakusamehe," akasema. "Lakini nifute kule ulikoniandika."

Rejista haifutwi, hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi yetu. Niliyakata maneno yale mbele yake, nikaandika juu ya mstari: Anajua. Jumamosi iliyofuata darasa lilijaa. Bi Mwanaheri alikaa mbele akijifunza herufi zangu, na baada ya kipindi akanifundisha zake.

Mkuu wa Chuo alipokuja kukagua, kidole chake kilisimama pale pale.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, bwana. Nilikuwa nimeandika uongo."

Akamgeukia Bi Mwanaheri. "Mama, wewe ni mwanafunzi wake?"

"Twasomeshana," akajibu.

Cheti nilikipata, pamoja na onyo la maandishi kuhusu rejista.

Baadaye nilifundisha Usagara, kisha milimani Lushoto, hadi nilipostaafu. Rejista zote niliziacha shuleni. Nimebaki na barua moja aliyoniletea Bi Mwanaheri nilipoanza kazi. Wajukuu zangu wakiiona hudhani ni dua. Mimi huisoma polepole, kutoka kulia, na furaha hunijaa kila mara pale inapoanza: "Kwa mwanangu Yohana, aliyesoma chuoni kwangu."