Nyamai Kwenye Ukuta wa Baa

Muthama, fundi viatu wa Nunguni, alikuwa hajawahi kuuona uso wa baba yake. Kicheko amerithi, wanaomkumbuka Nyamai humwambia, na ule mwendo wa upande upande pia ni wa mzee. Lakini uso? Hakuna hata picha ya kitambulisho. Nyamai alitoka nyumbani Muthama akiwa ananyonya, akarudishwa baada ya mwezi kwenye jeneza lililopigwa misumari. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, bado alikuwa anajitazama kwenye kioo akijaribu kukisia. Inauma, jamani, tusidanganyane.

Kwa hivyo aliposikia Mama Kavindu wa Mbumbuni ameokoka na anauza picha zote za kwenye kuta za baa yake, alifunga kibanda saa nne asubuhi. Nyingi ni zile picha za kuchapishwa ambazo kila mlevi anazijua: simba aliyevaa suti, mtu juu ya mti na mamba chini yake. Wengine waling'ang'ania simba. Muthama alitaka ile ya kona, wanywaji watano wa baa hiyo hiyo mezani, waliochorwa na msanii wa pale zamani. Wa pili kutoka kushoto, mwenye kofia na bilauri iliyojaa mkononi, ni Nyamai; wazee walikuwa wamemwambia, ila yeye hakuwahi kuingia baa.

"Chukua," Mama Kavindu alisema, akifuta kioo cha picha kwa leso. "Lakini sikia, mwanangu. Hao wote walishakufa. Kila jioni nilikuwa nawamwagia bia kidogo hapo chini, kama wazee wetu walivyofanya. Usinicheke. Siku nikisahau, ilikuwa shida."

"Shida gani?"

"Wewe mwagia tu."

Rahisi kusema. Muthama anaishi na mama yake, Kathini, shemasi wa kanisa, na bia haiingii kwa Kathini. Picha aliitundika sebuleni, mama akapita bila kuinua macho. Jioni Muthama akajiona mjanja sana, akamwaga chai ya maziwa. Si kinywaji ni kinywaji?

Asubuhi bilauri ya Nyamai ilikuwa tupu. Akajiambia ni mwanga. Jioni akamwaga chai tena, safari hii na sukari, kichwa ngumu huyo. Kulipokucha wale wanne walikuwa wanamtazama Nyamai, naye amesukuma kiti nyuma. Hapo Muthama aliogopa hasa. Siku nzima alishindwa hata kupitisha uzi kwenye sindano. Lakini kupita na chupa ya bia mbele ya mama yake hakuthubutu. Akamwaga chai mara ya tatu, akiomba msamaha kwa sauti ya chini.

Asubuhi iliyofuata, wa pili kutoka kushoto alikuwa amesimama. Kofia ile ile, koti lile lile, ila amegeuka, anaelekea mlangoni. Uso haupo. Muthama aliketi sakafuni akalia kama mtoto.

Kathini alitoka jikoni na kikombe mkononi. Kwa mara ya kwanza aliitazama ile picha, akaitazama sana.

"Ulimpa nini?"

"Chai, mwaitu."

Mama aliweka kikombe chini polepole.

"Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho," alisema. "Jioni ile nilimwaga bia yake uani, nikampa chai."