Perege wa Mwenyekiti Alute

Kijiji cha Mwenyekiti Alute hakikuwa na samaki hata mmoja, ila kwenye taarifa. Ziwa lao dogo, upande wa Unyambwa, lilikuwa la magadi na ndege aina ya heroe. Aliyetia mguu humo alitoka na ngozi nyeupe. Lakini mwaka ule wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, Katibu Tarafa Gaspari alipotangaza kwamba kaya zote zitapakiwa kwenye malori, isipokuwa za wenye mradi wa uzalishaji, Alute alisimama mkutanoni akasema, "Sisi tunao mradi wa uvuvi."

Mdomo ukaponza kichwa. Alute alikuwa mkulima wa uwele, wavu hakuwahi kuushika, na maji yaliyozidi ndoo yalimtia hofu. Ila mama yake alizikwa pale, pembeni mwa zizi, naye hakutaka kaburi lile lije lilimwe na mtu asiyemjua. Hilo tu ndilo lililomsimamisha, na kila aliyempigia makofi alikuwa na kaburi lake la kulinda.

Gaspari alifurahi, akaandika, akazidisha kidogo. Wakubwa zake nao wakazidisha. Kila taarifa ilipopanda ngazi ilivua samaki zaidi, mpaka huko juu wakaona hapana, ziwa hili lipelekewe mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana Mazengo, mzaliwa wa Kintinku, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kuona maji yanayofika magotini. Labda ndiyo maana alikwenda kusomea samaki wa baharini. Huko pwani alikuwa akiwapima vibua wa Tanga na wa Mtwara, ajue kama wanazaana pamoja au kila kundi lina ndoa zake. Sasa alitumwa kuwapima hivyo hivyo samaki wa bara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye uvuvi."

Ufukweni wavu ulikuwa tayari, na ndani yake perege wanono. Alute alikuwa amewanunua kwenye ziwa Kitangiri, kwa Wanyiramba, na mkewe Rahabu ndiye aliyewafunga kwenye gunia lenye majani mabichi.

"Mbona wamelala hivi?" Mazengo aliuliza.

"Samaki wa huku ni watulivu," Alute alisema.

Mazengo alikata vipande vya nyama na kuvitia kwenye sanduku la barafu, huku akieleza. Kwa macho, alisema, perege wote ni wale wale. Lakini nyama ikisagwa, ikawekwa kwenye wanga ulioganda na kupitishiwa umeme, protini zake hutembea. Za kundi hili huishia hapa, za kundi lile pale. Samaki huzirithi alama hizo kwa baba na mama, kwa hiyo zinataja jamaa zake.

"Kumbe ugali unajua koo!" Rahabu alishangaa. "Na sisi tunamaliza siku nzima kuwauliza wajomba kabla ya posa."

Alute alicheka pamoja nao, ila si kwa muda mrefu.

Baada ya kiangazi majibu yakaja, mkutano ukaitwa. Mazengo alisema samaki wa hapa na wale aliowapima Kitangiri ni jamii moja, hawatofautiani hata alama moja, na kwamba jambo hilo lilimshangaza kwa kuwa maji hayo hayakutani. Alama zinaonyesha undugu, hazisemi nani katoka wapi. Aliomba arudi avue mwenyewe. Ombi lake halikusikiwa na mtu, maana Gaspari alikwisha simama.

"Ndugu wananchi! Samaki wameungana, sisi binadamu bado tumetawanyika! Kama samaki ni jamii moja, wavuvi wao ni jamii moja. Kijiji hiki kitahamia Kitangiri."

Waliokuja na Gaspari walipiga makofi. Rahabu akasimama, kanga ameikaza kiunoni.

"Ndugu Katibu, sisi si wavuvi. Wale samaki tuliwanunua Kitangiri. Niliwafunga kwenye gunia kwa mikono yangu."

"Mama, usiogope maendeleo," Gaspari alimwambia kwa upole. "Sayansi imeshasema, wewe unatuletea habari za gunia?"

Mazengo alifungua mdomo. Gaspari akamshukuru kwa kazi nzuri, akamketisha. Alute aliona aibu kwamba mkewe ndiye aliyetangulia kusema kweli. Akajikokota mbele.

"Ni kweli, Ndugu Katibu. Nilidanganya. Hapa hakuna samaki."

"Mwenyekiti," Gaspari alitabasamu, "unyenyekevu wako tunaufahamu."

Malori yalikuja. Alute alilia zizini mbele ya watu, bila kujificha, kisha akapanda.

Huko Kitangiri, wenzake walipewa viwanja na majembe. Yeye, kwa kuwa sifa zake zilitangulia, alipelekwa moja kwa moja majini, na Gaspari akaja kumshuhudia akifungua msimu. Aliyeshika mtumbwi alikuwa Filipo, yule Mnyiramba aliyemuuzia perege. Alimtazama Alute akisita ukingoni mwa maji, akamkabidhi kasia.

"Mzee, siku ile uliniambia samaki ni wa msiba. Nikakuongezea na wengine, kwa ubinadamu tu. Nani alikuwa amefariki?"

Alute alitazama nyuma, upande wa kwao, hakukuwa na cha kuona ila vilima vya watu wengine.

"Msiba ulichelewa tu kufika, ndugu yangu," alisema, akaingia mtumbwini kwa magoti.