Posa Kutoka Maabara ya Ubelgiji

Waliokuja kushonesha nguo kwangu walipouliza yule binti anasomea nini chuoni pale Braamfontein, nilikuwa nawajibu kwamba anachora barabara. Niliamini hivyo mwenyewe. Karatasi alizotandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa zilijaa mistari iliyopinda, ikakutana, ikaachana tena, kama ramani ya mji mkubwa. Siku aliponisikia nikimweleza mteja hivyo, mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, hizo si barabara za magari. Ni njia za umeme. Na mji wote huo unaingia ndani ya ukucha wangu, nafasi inabaki."

Tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa mtu wa huku Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania wakati wa kupigania ukombozi, na mama alikuwa wa Morogoro. Mwaka 1994 tulimfuata baba kwao, na haikupita miaka mingi tukawazika wote wawili. Mimi nikaacha shule nikashika cherehani ya mama, mdogo wangu akabaki shuleni. Hatukukaa kikao kuamua. Mmoja alikuwa mkubwa na mwingine mdogo, basi. Tuliendelea kukaa Joubert Park, katikati ya Johannesburg, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo.

Mwaka 2006, alipokuwa anakaribia kumaliza chuo, alipata nafasi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa benki moja ya Sandton, kwenye idara ya kompyuta: mshahara mzuri, bima, meza yenye jina lake. Walitaka jibu Jumatatu. Ya pili ilikuwa maabara ya Ubelgiji, kwenda kusomea shahada ya udaktari ya vitu vidogo mno vya umeme.

Alinieleza tukiwa tunakula, akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Kila kompyuta, kila simu, ina ndani yake swichi ndogo ndogo zisizohesabika. Kila miaka michache mafundi wanazipunguza ili ziingie nyingi zaidi. Sasa wamefika mahali ambapo ukizilinganisha na unywele, unywele unakuwa kama nguzo ya umeme ya barabarani.

"Shida ni kwamba kuta zimekuwa nyembamba mno," akasema. "Umeme haukai tena ndani. Unapenya."

"Kama hapa kwetu," nikasema, kwa sababu wakati huohuo tulikuwa tunamsikia jirani akimlaumu mkewe kuhusu chumvi.

"Hivyohivyo! Sasa lazima watu wakae wabuni ukuta mwingine kabisa."

"Na hao wanaokaa kuchungulia umeme ukipenya ukuta, nani anawalipa?"

"Serikali za Ulaya. Ni pesa ya umma. Kuna kampuni pia zinachangia, lakini mwanzo wote ni pesa ya umma."

"Wameshaitoa?"

Akaokota punje ya wali iliyoanguka. "Bado wanaamua."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Akiikataa benki Jumatatu, halafu Ulaya ikasema pesa hakuna, atakuwa amepoteza vyote viwili. Nafasi kama ile ya Sandton haikuwa inamngoja mtoto wa fundi cherehani kila mlango. Mimi nilitaka benki. Sikumwambia, lakini alijua; alikuwa ananisoma tangu akiwa na mapengo ya meno.

Wiki ileile akaniambia kwamba profesa wa maabara yenyewe anakuja Johannesburg kwenye mkutano wa chuo, na Jumamosi angependa kuonana naye.

"Wapi?"

"Kwenye mgahawa wa chuo."

"Aje hapa."

"Eish, kaka! Haji kunioa."

"Anataka kukutoa nyumbani kwenu akupeleke kwao miaka minne. Mtu wa namna hiyo haongei na binti mgahawani. Anakuja kwa wakubwa wake, na haji peke yake."

Alinibishia siku mbili. Mwishowe akamweleza mhadhiri wake, Mkenya aliyekuwa anamsimamia masomo, akitumaini atamwokoa. Mhadhiri alifurahi kupita kiasi. Alisema yeye mwenyewe atakuwa mshenga, na kwamba tangu aje Afrika Kusini hajawahi kupewa kazi ya maana kama hiyo.

Kwa upande wetu mzee alikuwa Papa. Ndivyo jengo zima lilivyomwita. Alitoka Lubumbashi, ambako alikuwa mwalimu. Hapa alikuwa analinda magari karibu na robot moja, yaani taa za barabarani, ya Braamfontein. Tangu tumzike mama, jambo lolote la nyumba yetu lililohitaji ndevu lilipelekwa kwake. Mimi aliniita Petit, yaani mdogo. Nilipomwambia mgeni anatoka wapi, aliweka kikombe chini.

"Mubelgiji? Tena? Petit, babu yangu alisemaka, hawa batu bakiingia mu nyumba habatoke." Akafikiri kidogo. "Lakini huyu anapitia mulango. Anaomba. Tumusikilize."

Jumamosi mchana nikapika pilau, nikaazima viti viwili, nikazifunika cherehani kwa khanga za mama. Mdogo wangu nikamweka jikoni.

"Mimi ninayemaliza uhandisi," alisema, "nikae jikoni nijifiche?"

"Mwali haonekani mpaka aitwe."

"Nitawasikia yote."

"Ndiyo maana tumekuweka karibu."

Wageni walifika wakihema kwa sababu ya zile ghorofa sita. Profesa alikuwa mtu mrefu mwenye mkoba mgongoni na masikio yaliyochomwa na jua. Ni wazi kwamba mhadhiri alikuwa amemfundisha njiani, maana alivua viatu mlangoni, akatusalimu kwa mikono miwili, akakaa alipoonyeshwa, akanyamaza kama mtu aliye kanisani.

Mhadhiri akaanza. "Wazee, sisi ni wapita njia. Tulikuwa tunapita huko chini tukaona dirisha moja linang'aa kuliko mengine. Mwenzangu akasema hawezi kurudi kwao bila kujua ni taa gani inawaka humo."

"Ni taa ya umeme," Papa akajibu, uso mkavu. "Na umeme ni bei kali. Sasa, mudomo yangu bado imefungwa. Haijasikia kitu."

Mhadhiri akamnong'oneza profesa kwamba mzee anadai kifungua mdomo. Profesa akaingiza mkono kwenye mkoba haraka haraka, akatoa boksi jembamba, na ndani yake kulikuwa na kisahani cha duara, chembamba kama karatasi ngumu, kinang'aa kama kioo. Ukikiinamisha kilitoa rangi za upinde wa mvua. Alieleza kwa Kiingereza kwamba ni kimoja cha vile vya maabara, kiliharibika wakati wa kutengenezwa, na kwamba humo ndimo wanamochonga zile njia za umeme.

Papa alikizungusha kwenye dirisha. "Kwa hiyo ametuletea sahani iliyoharibika."

Jikoni mfuniko wa sufuria ukalia kwa nguvu.

"Lakini inapendeza," Papa akaongeza upesi. "Mudomo umefunguka."

Nilimheshimu yule profesa kwa jinsi alivyojibu yaliyofuata. Papa aliuliza kwa Kiswahili, mhadhiri akatafsiri, ingawa sote tulielewa Kiingereza na Papa alikijua Kifaransa kuliko mgeni. Mkwe haongei na wazee uso kwa uso, na Papa hakutaka kulegeza kitu.

"Hii pesa iko ya nani?"

Ya watu wote wa kule, akajibu profesa. Mwoka mikate anakatwa kodi, dereva wa tramu anakatwa, mwalimu anakatwa. Nchi zinaweka fungu pamoja, na watafiti wanakwenda kuliomba.

"Na ule mwoka mukate anajua?"

Profesa akajikuna sikio. Wengi hawajui, akasema. Ndiyo maana waliowekwa kusimamia fungu hilo wanawauliza watafiti maswali makali, na hawaoni haya kukataa. Yeye mwenyewe alishakataliwa.

"Kwa nini hizo kampuni zenye kuuza simu hazilipi zenyewe?" Hilo niliuliza mimi, nikisahau utaratibu. Papa akanitazama vibaya, lakini mhadhiri akatafsiri.

Kwa sababu, profesa akasema, ukuta mpya wanaoutafuta unaweza kupatikana baada ya miaka kumi na tano, au usipatikane kabisa. Hakuna mwenye duka anayeweza kungoja hivyo peke yake. Karibu na mwisho, bidhaa ikianza kuonekana, kampuni zinakuja zenyewe, tena mbio. Mwanzoni, pale ambapo mtu anaweza kufanya kazi miaka mitatu akathibitisha tu kwamba njia hiyo haipiti, lazima pawepo mfuko wa wote.

"Na mfuko wa wote wa kwao umlipie mtoto wa kwetu?" nikauliza tena.

"Tumemwomba kwa sababu hatuna wa kutosha kama yeye," mhadhiri akatafsiri, na nikaona kwamba yeye mwenyewe amefurahi kulisema hilo kwa Kiswahili. "Wamesema fungu la kufundisha vijana halina kabila."

Papa akainama mbele. "Sasa niambie kweli. Hiyo pesa, unayo?"

Profesa akausogeza mkoba pembeni.

"Sina," akasema profesa. Hakungoja kutafsiriwa. Alisema ombi lao bado liko mezani kwa waamuzi, na majibu yatatoka baada ya miezi kadhaa. Anaamini litapita. Hawezi kuahidi.

Papa akaniangalia, akacheka kwa kifua. "Petit, huyu bwana amekuja kuposa na mahari ingali kwa jirani!"

Tulicheka wote, na mgeni alipotafsiriwa akacheka zaidi yetu, akiwa mwekundu. Lakini mimi ndani nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta. Mgeni amekiri mbele ya mashahidi kwamba hana kitu mkononi. Kilichobaki ni kumshukuru, kumlisha, na Jumatatu binti aende zake Sandton. Nikamwambia Papa tufunge mazungumzo.

"Bado," akasema Papa. "Mwali hajaitwa."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Au tuseme nililichukulia kuwa pambo, kama lifti yetu. Kwetu posa haifungwi kabla binti hajaletwa mbele ya wageni akaulizwa kama anawatambua na kama wazee wawapokee. Kwa kawaida anainama, anatabasamu, ananong'ona ndiyo, watu wanapiga vigelegele. Na akishajibu mbele ya wageni, neno lake halirudishwi na mtu, awe baba, awe kaka.

Alitoka jikoni na aproni yangu yenye chaki za kushonea. Hakuinama.

Ilikuwa juu yangu kuuliza. "Unawatambua wageni hawa?"

"Nawatambua."

"Wameleta posa bila mahari. Kuna wengine Sandton wameleta mahari tayari. Wazee wafanye nini?"

Nilitegemea atacheka. Alinitazama mimi tu, kama chumba hakina mtu mwingine.

"Kaka, benki wakinikosa mimi, Jumanne watapata mwingine, na mashine zao zitaendelea kuwaka. Huko nitakuwa nazitunza mashine ambazo zimeshatengenezwa. Mimi nataka kuwa pale ambapo bado hawajui. Hata kama nitakaa miaka nikathibitisha kwamba njia haipiti, nataka niwe mimi niliyeithibitisha. Wapokeeni. Pesa isipotoka, nitarudi mezani kwako nishone vifungo."

"Vifungo vyako vinadondoka vyote," nikasema.

"Basi nitapindua suruali."

Papa akasimama. "Mwali amesema," akatangaza, akapiga kigelegele mwenyewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, kwa kuwa hapakuwa na mama wa kukipiga. Profesa akauliza kimepita nini, na mhadhiri akamwambia ale pilau.

Ni mimi niliyeitaka posa ile. Niliita wazee, nikaazima viti, nikafunika cherehani, yote ili mtu mzima aulize maswali ambayo binti angeona haya kuyauliza. Yalipokwisha kuulizwa, nilikuwa nimefungwa na heshima niliyoidai mwenyewe. Sijui kwa nini nilijisikia mwepesi. Nadhani ni kwa sababu tangu tuwazike wazazi, hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa la kwanza ambalo hakunitupia mimi nilibebe.

Jumatatu akaipigia simu benki, akawashukuru, akakataa. Ikafuata miezi mirefu. Alikuwa anasaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye maabara ya chuo, na jioni alipindua suruali kweli, vibaya vilevile, nami nikazifumua akitoka. Papa kila asubuhi alipita mlangoni kwangu akielekea kwenye magari yake. "Ulaya imejibu?" Nikimwambia bado, alitikisa kichwa. "Bako wanamuuliza mwoka mukate."

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, mchana, mteja akiwa amesimama mbele yangu na pini kiunoni. Mdogo wangu aliingia kutoka duka la intaneti la pale chini, akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Wamekubali," akasema. "Lakini wamekata. Fungu limepunguzwa kwa kila maabara. Miaka mitatu badala ya minne."

Nikatoa pini mdomoni. "Na kazi ni ya miaka mingapi?"

"Minne."

"Mwaka wa nne utakula nini?"

"Tutaomba upya. Kila mtu anaomba upya, kaka. Ndivyo wanavyoishi."

Yule mama mwenye pini aliuliza kwa Kizulu kuna nini, na mdogo wangu akamjibu kwa Kizulu kwamba kaka yake anahesabu miaka. Alikuwa anajaribu kutoonyesha furaha kabla sijaitoa ya kwangu. Miguu ilimponza, haikutulia chini.

Zamani ningemkatalia hapohapo. Mwaka mmoja usio na wa kuulipia ulikuwa unanitisha kuliko mitatu iliyolipiwa ilivyonifurahisha. Lakini neno lilikwisha kusemwa mbele ya wageni, na aliyelisema alikuwa amekaa juu ya vitambaa vyangu akingoja nimwangalie.

"Samahani, mama," nikamwambia mteja, "gauni lako litakuwa tayari kesho."

Nikafunga mlango, tukashuka ghorofa zote sita kwenda kutafuta sanduku la safari.