Mama Aliyenipa Mgongo

Nilifunzwa kwamba kwenye majadiliano ya kikundi, anayenyamaza huwa na neno zito, kazi yako ni kumvuta aseme. Nikaamini.

Juzi mradi wa maji ulinituma kijiji cha Biliqo kuongea na kina mama kuhusu kisima chao. Wote walichangia isipokuwa mmoja, aliyejifunika uso kwa leso na kunipa mgongo.

"Mama, hapa hakuna haya," nikamwambia. Nikasogea karibu. "Niangalie tu, uniambie, maji yanatosha?" Akainuka, akaketi upande wa pili. Nami, mtaalamu mzima, nikamfuata na tepu rekoda yangu. Wenzake wakaacha kuongea. Nikadhani wananipisha nifanye kazi.

Bibi mmoja akanishika mkono. "Kijana, si wewe ndiye wa Isiolo mjini, uliyemposa Halima wetu?"

"Ndimi. Lakini walikuja wazee wangu, mimi sijawahi kufika."

"Basi huyo unayemfukuza ni mama yake. Au huko mjini mtu hutazamana na mama mkwe?"

Desturi hiyo naijua tangu utotoni.

"Ya kisima tumekujibu," bibi akasema. "Sasa tujibu wewe: arusi bado iko?"

Tepu ilizidi kuzunguka. Safari hii aliyenyamaza ni mimi.