Kadi ya Kuzidisha Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Ilikuwa kwenye nyumba ya kuchambulia almasi, upande wa Shinyanga, nami nina darasa la nne na kaptula moja. Msimamizi wa Chumba alitupanga mezani, kila mtu na trei yake ya bati, akaamuru, "Geuza!" Tukazigeuza juu chini na kuzigonga mara mbili, aone hakuna jiwe lililofichwa. Ndipo mchanga ukamiminwa. Hivyo kila asubuhi, miaka minane. Hata nyumbani mke wangu akinipa sahani naigeuza kwanza, naye ananuna.

Ukweli usemwe, nilikuwa na kichwa. Redio ya Fundi Mkuu wa Umeme ilimshinda mwenyewe. Mimi niliiamsha kwa waya wa baiskeli. Akaniuliza, "Umesoma wapi wewe?" Nikamjibu, "Kwenye redio yako, bwana mkubwa." Alinihamishia karakana, na miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa fundi wa vyombo vya kupimia kwenye mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, nikiwapita wenye vyeti.

Huko winchi ilikuwa ikishusha keji, kizimba cha chuma cha wachimbaji, kwa mkono wa mtu wa breki. Meneja wa Mgodi akataka kompyuta ndiyo iiendeshe. Aliletwa mhandisi mwanamke, tukimwita Mama Neema, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Programu yake ya winchi ilikuwa tayari, ila imetengenezwa kwa mashine nyingine kabisa. Prosesa tuliyopewa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, ilikuwa ngeni, na kitabu chake kilinyeshewa njiani hadi kurasa za katikati zikagandana kama ugali wa jana.

Vijana, nieleze kidogo. Ndani ya prosesa mna rejista, visanduku vichache vya kushikia namba, kila kimoja namba moja tu. Yetu ilikuwa na vinne: A, B, C na D. Amri zake ni kama jumlisha, toa, hamisha, zidisha. Kompaila ni programu inayochukua maagizo aliyoyaandika mtu na kuyageuza yawe amri hizo. Lakini kompaila haiijui prosesa mpaka uielezee: amri hii inachukua namba kutoka rejista ipi, inaweka jibu wapi, na inaharibu rejista zipi. Ukiiambia rejista fulani haiguswi, itahifadhi humo kitu cha thamani bila wasiwasi.

Kwa kuwa kitabu kilikufa, kila amri ilibidi ijaribiwe kwa mkono. Naweka namba, naendesha amri moja, nasoma taa zinazoonyesha namba ya kila rejista, naandika kadi. Mama Neema anaiingiza kadi kwenye maelezo ya kompaila. Niliandika kadi zaidi ya mia. Meneja wa Mgodi alizishika akasema, "Darasa la nne hili?" Nikasema, "La nne, bwana, lakini lilikuwa limeshiba."

Siku ya majaribio watu walijaa mdomoni mwa shimo. Mama Neema aliagiza keji ijazwe mawe kwanza. Mimi nikacheka mbele za watu. "Mawe ya nini? Kazi niliyoifanya mimi napanda mwenyewe!" Nikaingia. Shemeji yangu Masanja, kaka wa mke wangu, mchimbaji wa zamu ile, akaingia nyuma yangu akicheka.

"Shukeni," akasema Mama Neema.

"Mama, unaniaibisha."

"Shuka, baba. Aibu haivunji mguu."

Nilitoka nimefura. Masanja ndiye aliyegoma. "Si ameandika shemeji? Mimi nakaa." Ikabidi Meneja wa Mgodi amvute mkono.

Wakapakia mawe. Keji ikashuka taratibu, vizuri kabisa, nami nikaanza kutembeza macho nisifiwe. Kisha ikaongeza mwendo. Ngoma ya winchi, ile inayoviringa kamba ya keji, ikalia. Mtu wa breki akarukia mkono wa breki, akachelewa. Mlio uliotoka chini, mimi sijausikia tena mahali popote. Vumbi likapanda hadi kwetu. Masanja akashika kichwa, "Mayu wane!" yaani mama yangu. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu, kama iko.

Mama Neema aliniita karakana, sisi wawili tu. Alikuwa ameshika kadi ya kuzidisha. Nilikuwa nimeandika: A mara B, jibu kwenye A, rejista nyingine haziguswi.

"Ulipojaribu, D ilikuwa na nini?"

"Sifuri."

"Kila mara?"

"Kila mara, mama. Nazisafisha zote kwanza. Zikiwa tupu ndiyo naanza kazi."

Aliweka saba kwenye D, akazidisha tatu kwa nne. Taa za A zikaonyesha kumi na mbili. Taa za D zikazimika zote: sifuri.

"Saba imekwenda wapi?" nikauliza.

"Jibu likiwa kubwa halienei kwenye A, kwa hiyo sehemu ya juu inawekwa D. Likiwa dogo, D inawekewa sifuri. Wewe ulikuta sifuri ukaacha sifuri, ukaona haikuguswa."

Kompaila ilikuwa imeiamini kadi yangu. Iliweka kwenye D mita ambazo keji imeshuka. Hesabu ya kuzidisha ilipopita, mita zikawa sifuri, mashine ikadhani keji bado iko mdomoni, ikaiachia ishuke kwa kasi.

Nilirudia kadi zote, kila rejista nikiijaza namba ya ovyo kabla ya kujaribu. Miezi miwili. Keji mpya ikashuka na mawe siku kumi bila kosa, kisha na watu. Ripoti iliandika "hitilafu ya mitambo". Mama Neema aliniambia niamue mwenyewe nani nimweleze. Nami, na mdomo wangu huu mkubwa, sikumweleza mtu.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na hamsini. Barua ilisema nimetumikia "bila kusababisha ajali yoyote". Nilipoisoma nilishtuka kama siku ile. Nikaikunja, nikapanda baiskeli hadi Kalangalala kwa Masanja. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, D, saba, sifuri, na kwamba kadi ilikuwa yangu.

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha.

"Shemeji," akasema, "miaka yote hii nimewaambia watoto wangu nilivutwa mkono nikatolewa kwa nguvu. Hawakuwahi kuniuliza kwa nini niligoma kutoka. Jibu lilikuwa ni wewe."

Akanisogezea kigoda na rundo la mahindi. Nikakaa, nikaanza kupukuchua.