Siku Yusta Alipoacha Bomba Wazi

Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, Yusta Tharsisi alitoka nyumbani kwao Heru Juu saa moja na dakika kumi asubuhi, akafika Kasulu mjini saa moja na dakika hamsini, akaanza kazi saa mbili na dakika tano. Kazi yenyewe aliikadiria kuwa ya saa moja na nusu. Saa kumi alasiri alitakiwa awe amekwisha kurejea nyumbani, kwa kuwa siku hiyo matanga ya mama yake yalikuwa yanaondolewa.

Mama alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita. Katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga wafiwa hunyolewa nywele, na maji ya kunyolea hukusanywa katika beseni moja. Beseni hilo hubebwa na binti mzaliwa wa mwisho, ambaye huenda kuyamwaga maji njia panda kabla jua halijagusa mgongo wa kilima. Anayeyamwaga ndiye anayekabidhiwa jiko la marehemu na chumba chake. Tangu siku hiyo, ndugu wakija nyumbani hufikia kwake. Akikosekana hubebeshwa mwingine, na jambo likishafanyika halirudiwi. Yusta, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, ndiye aliyekuwa mzaliwa wa mwisho.

Simu ya kazi hiyo ilimkuta asubuhi hiyo mkekani, katikati ya wanawake wa msibani. Siku kumi na moja alikuwa amekaa pale bila kudondosha chozi. Si kwamba alijizuia. Aliwaona watu wakilia, akawapelekea maji ya kunawa uso, akarudi mahali pake akakaa, na ndani yake hapakuwa na kitu cha kuzuiwa.

Aliyepiga ni Mansuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye humwita kila anapopata kazi ya bomba.

"Yusta, mwanangu, pole sana na msiba. Nisingekusumbua wallahi. Kuna daktari hapa uani kwangu ana gari la kulala, lina jiko ndani, na bomba la jiko linavuja. Fundi Raymond amelitazama akasema ling'olewe, liwekwe la nyumba. Nami Raymond namjua. Huyo mlango ukimkwamia huvunja ukuta."

Yusta alimtazama shangazi yake, Bi Anifa, dada wa marehemu baba, aliyekuwa msimamizi wa matanga. Bi Anifa alikuwa amekwisha kusikia kila neno.

"Nenda," alisema. "Kukaa kwako hapa na kutokukaa ni mamoja, hata kuku wa kaka yako Isack wamelia kuliko wewe. Ila saa kumi, Yusta. Beseni halina miguu."

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya duka la Mansuri, ubavuni mwa mashine ya kusaga: gari refu jeupe lenye madirisha ya mapazia, kitanda, meza ya kukunja na jiko lisilozidi upana wa kabati. Mwenyewe alikuwa Daktari Zuleha, daktari wa macho, mtu wa Tanga aliyehamishiwa mkoani miaka mitatu nyuma. Gari alilinunua kwa mgeni mmoja aliyezunguka nalo nchi nyingi akachoka alipofika Kigoma. Mwenyewe alilala humo alipokwenda kutibu mbali, na jioni hiyo alikuwa akielekea Kibondo, ambako wagonjwa wa mtoto wa jicho wangeanza kupanga foleni alfajiri.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe fundi? Nimeambiwa una msiba. Kwa nini umekuja?"

"Kazi ni ya saa moja na nusu," Yusta alijibu.

Daktari akampisha mlangoni.

Yusta alitandika kitambaa sakafuni akapanga vifaa vyake kwa mfuatano wa matumizi, kama alivyofundishwa katika miaka miwili ya chuo cha ufundi stadi. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya mpini wa bomba, yakafuata ukingo wa sinki, yakaingia kabatini na kuuvimbisha ubao. Lilikuwa bomba la miksa, lenye mpini mmoja wa kuchanganya maji ya moto na baridi, lakini waya mbili nyembamba zilikuwa zikitoka tumboni mwake. Alizifuata kwa kidole hadi chini ya kiti, penye tangi.

"Daktari, hili si bomba la nyumba," alisema saa tatu na nusu, akiwa amekwisha kulifungua. "Nyumbani tangi liko juu, maji yanashuka yenyewe. Humu tangi liko chini. Ukinyanyua mpini, swichi iliyomo ndani ya bomba inaiwasha pampu. Ukilaza, pampu inalala. Angeweka la dukani, msingepata hata tone."

Hamis, dereva wa Daktari, kijana wa Ujiji asiyeweza kukaa kimya kwa urefu wa sigara moja, alicheka mlangoni. "Raymond huyo! Angetuwekea bomba la kutazama. Tungekuwa tunaliamkia tu: bomba hujambo, bomba hujambo."

Kilichoharibika kilikuwa oringi, kipete cha mpira kilicho ndani ya kichwa cha bomba. Kilikuwa kimekauka na kukatika upande mmoja. Yusta alikipima kwa kalipa mara mbili. Dukani kwa Mansuri hakikuwepo cha kipimo hicho. Alivuka barabara hadi kwa muuza vipuri vya pikipiki, akachagua kimoja katika kopo la oringi za kabureta, akakichemsha katika sufuria ya Daktari hadi harufu ya dukani ilipotoka. Kikaingia mahali pake barabara. Saa tano na dakika kumi bomba lilikuwa limerudishwa mahali pake, na kilichobaki kilikuwa kulijaribu.

Tangi lilikuwa tupu, maana walilimwaga ili kazi ifanyike pakavu, na Jumatano maji ya mgao hufika mtaa ule kuanzia saa sita. Hamis alichomeka mpira kutoka bomba la uani hadi kwenye mdomo wa tangi. Yusta aliwasha swichi kubwa ya ukutani, akanyanyua mpini, akasikia pampu ikinguruma kwa mbali. Swichi ya bomba ilikuwa nzima. Kisha akashuka kwenda kunywa chai chini ya upenu wa duka.

Mpini hakuulaza.

Kasulu hakuna jiko ambalo bomba lake hufungwa maji yakiwa yamekatika. Mtu huliacha wazi, akaweka ndoo chini yake, akaendelea na shughuli zake; maji yakirudi, ndoo humwita. Mama yake Yusta aliamshwa hivyo maisha yake yote. Mkono wa Yusta ulifanya ulichozoea kufanya, naye hakuwa pale kuutazama.

Mashine ya kusaga ilikuwa ikivuma, hivyo hakuna aliyesikia pampu ikizunguka mle tangini bila maji. Daktari aliuliza marehemu aliugua nini. Yusta akamweleza ugonjwa, tarehe ya kulazwa na saa ya kufariki, yote kwa usahihi. Daktari akaacha kuuliza. Maji yalichelewa. Yalifika saa saba kasoro dakika kumi, yakatoa hewa mpirani kwa kishindo, yakaanza kujaza. Hamis ndiye aliyeingia kwanza garini.

"Dada Yusta! Humu kunanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati la bosi!"

Yusta alipanda. Mpini ulikuwa umesimama wima. Aliulaza, akaunyanyua tena. Kimya. Alifanya hivyo mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imetosha.

"Pampu imeungua," alisema. "Nimeiunguza mimi. Niliacha bomba wazi, ikazunguka bila maji."

"Mimi mwenyewe ningeliacha," Hamis alisema. "Kwetu Ujiji nani anafunga bomba kavu?"

"Wewe hukusomea."

Daktari Zuleha hakupandisha sauti. Alifungua sanduku la nyuma, akapekua miongoni mwa nyaya na funguo zisizo na makufuli, akatoa pampu ndogo mpya ndani ya mfuko wake, isiyozidi ukubwa wa kikombe. "Aliyeniuzia aliniambia ipo siku itahitajika. Nilidhani anajisifu tu. Inachukua muda gani?"

"Saa tatu."

"Na nyumbani unatakiwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Kutoka pale hadi Heru Juu kwa bodaboda ni dakika arobaini. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu, na wote watatu waliifanya kwa pamoja.

"Basi nenda," Daktari alisema. "Mwanangu, nenda kwa mama yako. Hamis ataunga hizo waya."

"Nitaunga, Dada. Waya mbili tu! Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, juu yake tepu, kwisha."

"Ndani ya maji tepu haikai," Yusta alisema.

Angeweza kuondoka. Hakubaki kwa ajili ya wagonjwa wa Kibondo, maana hakuwafikiria, wala hakubaki kwa hofu ya lawama. Alijitazama ili aone kama ndani yake mna kitu kinachomvuta kwenda Heru Juu, akakuta pako vilevile kama palivyokuwa siku kumi na moja zote. Kazi aliyoiharibu ilikuwa mbele yake. Alipiga magoti.

Kwanza walilazimika kuyamwaga maji yaleyale waliyoyangojea. Kisha skrubu za kiti zikagoma kwa kutu, akazitia mafuta akazingoja. Saa nane simu ililia. Ilikuwa ya Isack, kaka yake mkubwa.

"Uko wapi?"

"Kasulu. Kazi imeharibika. Nakuja."

"Shangazi anauliza."

"Nakuja."

Hamis alikwenda kuazima kwa fundi redio chombo cha kulehemu waya, akarudi nacho baada ya nusu saa, kikiwa na maelezo marefu ya mwenyewe. Yusta alikata mpira mkavu wa pampu iliyoungua, akaunga mwingine kwenye pampu mpya, akalehemu waya moja, kisha ya pili, akazivisha mrija mgumu wa plastiki, akaupasha moto hadi ukazibana. Simu ililia tena saa tisa na nusu. Safari hii alikuwa Stumai, dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, aliyeolewa Muyama na kurudi kwa ajili ya msiba.

"Yusta, maji yameshachemshwa. Wembe upo. Shangazi amekaa na beseni miguuni kama mtu anayelinda benki. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimebakiza kujaribu."

"Nimwambie hivyo?"

"Ndiyo."

Saa kumi na dakika kumi, tangi likiwa limejazwa upya, Yusta alinyanyua mpini. Pampu ikaguna, bomba likakohoa hewa, maji yakatoka meupe, kisha safi. Aliulaza. Alikausha shina la bomba kwa kitambaa, akazungushia karatasi ya chooni, akangoja dakika tano kwa saa yake. Karatasi ilibaki kavu. Alikusanya vifaa kwa mfuatano aliovipangia.

Daktari Zuleha alimpa mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kibondo tunajenga nyumba za wauguzi, na mafundi wa bomba wanaosema 'nimeharibu mimi' sijawaona. Ukitaka kazi, nipigie." Yusta akashukuru. Hamis alikuwa amekwisha kumwitia bodaboda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusema mzaha wowote.

Alifika Heru Juu saa kumi na moja na dakika tano. Jua lilikuwa limekwisha kugusa mgongo wa kilima. Watu wengi walikuwa wamesimama wakiagana, vichwa vya wafiwa vikiwa vimenyolewa, na moshi wa ubani ulikuwa bado unatoka mlangoni. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, tupu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Anifa hakumtazama usoni; alimtazama mikono, yenye weusi wa mafuta na kutu. "Tumekungoja hadi jua likatufukuza. Stumai ameyabeba. Ameyamwaga."

"Nimeona."

"Umeona! Hiyo tu? Hulii hata kwa hili?"

Stumai alitoka jikoni kwa mama, ufunguo wa chumba ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimwambia angoje kidogo," alisema. "Yusta, nilimwambia."

"Najua. Hukukosea."

"Njoo basi uniambie hata neno baya. Nitukane."

"Sina neno, dada."

Bi Anifa alivuta kigoda. Alimketisha Yusta, akamlowesha kichwa kwa maji yaliyobaki birikani, akamnyoa polepole, bila kumchana hata mahali pamoja, akisonya na kunung'unika kwa Kiha. Maji hayo ya mwisho hayakuwa na pa kwenda. Aliyamwaga shinani mwa mgomba ulio karibu, kama maji yoyote ya kuoshea vyombo. Yusta aliyatazama yakizama. Alihisi ubaridi kichwani, mahali nywele zilipokuwa, na akaona kwamba huo ubaridi alikuwa anauhisi kweli. Kisha akaingia ndani kuwasaidia wanawake kukunja mikeka.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Juni 2025, Yusta alikuwa amepanga chumba Kibondo mjini na alikuwa fundi bomba wa nyumba nane za wauguzi. Siku hiyo ya kumkumbuka marehemu alikwenda Heru Juu kwa basi la asubuhi, akafikia kwa Stumai pamoja na wageni wengine, akapewa chai, akaondoka saa tisa.