Vipande vya Anayefagia

Simu ilinikuta nikitoka kanisani, Biblia ikiwa kwapani. "Dada, jikaze," alisema seremala mmoja wa karakana ya kaka yangu. "Randa ametutoka." Randa ndiye kaka yangu; jina hilo alipewa kazini kwa jinsi alivyopenda kulainisha mbao. Kabla sijalia niliuliza, "Meneja ameliondoa lile neno?" "Bado, dada." Nikajua kaka amekufa akiitwa mwizi.

Karakana yao ilikuwa na desturi: kipande cha ubao kifupi kuliko mkono ni cha aliyefagia siku hiyo. Kaka hakuona haya kushika ufagio. Vipande alivibeba nyumbani, akawaundia vigoda watoto wa mtaa mzima. Meneja mpya hakuuliza. Alimsimamisha getini, akaumwaga mfuko wake chini mbele ya wenzake. "Mwizi!" Akamfukuza papo hapo.

Baadaye ikajulikana kwamba meneja mwenyewe alihamishia kwake mbao nzima nzima, kwa lori. Wakubwa wakaliita jambo hilo "matumizi yasiyofaa". Akaonywa, basi.

"Umesikia, mdogo wangu?" kaka aliniambia, akicheka kwa uchungu. "Kuiba ni kwa kificho. Mimi nilipita mchana, mfuko wazi. Hata paka akidokoa hungoja mgeuke! Yeye kabeba tukimtazama, na nani angethubutu kumzuia? Huko si kupora? Lakini mwizi ni mimi."

Mama hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu: neno lile lifutwe.

Mazikoni meneja alikuja na shada, akashika kipaza sauti. "Kifo kimetuibia fundi hodari."

Nikasimama. "Kifo hakijaiba! Mungu amechukua kilicho chake. Na kaka yangu alichukua vilivyo vyake. Mwambie mama hivyo."

"Dada, hapa si mahali pake."

"Ulimwita mwizi mbele ya watu. Watu ndio hawa."

Akatazama viatu vyake. "Nilifuata utaratibu tu."

Mafundi wakaguna. Yule seremala aliyenipigia simu akampokonya kipaza sauti. "Mama, vipande vilikuwa vyake. Sote tulijua, tukaogopa kufukuzwa. Tusamehe."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mchungaji akaomba. Mafundi wakalishusha kwa kamba jeneza walilolitengeneza wenyewe. Mama akatupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Meneja aliondoka kaburi halijajaa. Sisi tulibaki mpaka likajaa, tukaimba, tukamshika mama mkono, tukarudi nyumbani.